Kijiji cha Askari wa Kinubi

Wasikilizaji, leo nataka kuwaelezeni asili ya Kibera, mahali wapitapo watu wengi bila ya kuuliza habari zake. Jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, yaani msitu; na msitu ndio waliouona askari wa Kisudani wa jeshi la Keya, walipopewa ruhusa ya kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1918 eka 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari mstaafu alipewa cheti cha kulima shamba, wala si hati ya kumiliki. Tofauti hiyo ya karatasi (nami karatasi ndiyo kazi yangu) iliwasumbua hata wajukuu wake. Walijenga, wakazika wazee wao hapo hapo, wake zao wakasuka kawa za rangi za kufunikia sinia. Lakini kwa sheria walikaa kwa idhini ya Serikali tu. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ilijengwa mitaa mingine, kama Jamhuri na Otiende.

Hati ya jumuiya yao ilitolewa mwezi wa Juni, 2017, baada ya miaka 99. Ilikuwa ya eka 288.