Ini Lenye Mizigo Miwili

Ndugu zetu, mama zetu na vijana wa vikundi, leo tuache kidogo habari za mbegu na mikopo, tuzungumze juu ya ini.

Wazee wanakumbuka mwaka 1981, hapa Machakos, watu 20 walipolazwa hospitalini kwa ugonjwa wa ini na 12 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa: Makueni, Kitui, Machakos na Thika watu 317 waliugua, 125 tukawazika. Sumu ya ukungu, aflatoksini, ndiyo iliyowaua. Mahindi yaliwekwa yakiwa na unyevu, tena ndani ya nyumba.

Lakini hebu mjiulize: mbona huyu aliugua na jirani yake akabaki mzima? Wachunguzi walipopima damu huko Makueni na Kitui, walikuta virusi vya hepatitisi B kwa wagonjwa wengi kuliko kwa majirani wazima. Ini lilikuwa tayari na mzigo mmoja, ikaja sumu juu yake.

Virusi hivi hukaa kimya miaka mingi. Njia zake ni damu, kujamiiana, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Si ndizo njia za virusi vya UKIMWI pia? Basi vyote viwili hukutana katika mwili mmoja, na hapo ini huharibika upesi zaidi. Aliye na kimoja apimwe na cha pili.

Kuna jambo linalotusumbua sana. Mtu akijisikia ana nguvu, anaacha dawa za ARV kimyakimya. Tembe nyingi za siku hizi zina tenofoviri na lamivudini, ambazo hushika virusi vyote viwili. Ukiziacha, hepatitisi yaweza kuamka ghafula na kukuua. Hata daktari akitaka kukubadilishia dawa, mwambie, "Nina hepatitisi B pia." Usione haya.

Watoto wetu huchanjwa tangu mwisho wa 2001. Sisi wazazi hatukupata hiyo. Mtu mzima akipimwa na kukutwa hana virusi wala kinga, aulize chanjo.

Na aliye navyo? Pombe aiache, hata kaluvu ya harusini. Kikundi kikinunua turubai za kuanikia mahindi, aanze kupewa yeye, asingoje zamu.