Ulizeni Kwanza Habari za Deni

Wahitimu wetu wa ustawi wa jamii,

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika maneno mawili ambayo hadi leo yananiuma. Aliletwa mvulana wa darasa la sita, mtoro, mwepesi wa ngumi. Nikaandika kwenye jalada: "Mtoto mtukutu." Nikamwonya, nikamrudisha shuleni. Miezi mitatu baadaye mama yake alikuja kwa shauri la ndoa, ndipo nikaelewa. Alikuwa amekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili alipe kodi ya nyumba, mume asijue. Mume akajua siku wadai walipokuja kubeba televisheni. Tangu hapo usiku ulikuwa wa matusi, na mtoto alilala chumba hichohicho, nyuma ya pazia.

Mmesoma habari za Iowa, Marekani. Madeni yalipowaangusha wakulima wa huko miaka ya 1980, Rand Conger, Glen Elder na wenzao walianza mwaka 1989 kuzifuatilia familia 451. Waliona shida inavyoshuka ngazi kwa ngazi: fedha zikipungua mzazi hukata tamaa, wazazi hukwaruzana, malezi huwa ya ukali au hulegea, na mtoto huanza kusumbua. Anayeletwa ofisini ni huyo wa ngazi ya mwisho.

Kule North Carolina, hukohuko Marekani, Jane Costello na wenzake walikuwa tayari wakiwafuatilia watoto wakati Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, walipoanza kugawiwa mapato ya kasino yao. Familia zilizotoka kwenye umaskini, ukorofi wa watoto wao ulipungua, hasa kwa sababu wazazi walipata nafasi ya kuwaangalia. Huzuni na wasiwasi havikupungua. Basi msidhani deni likilipwa mtoto amepona, endeleeni kumtembelea.

Wanangu, mtaletewa watoto wa namna hiyo wiki yenu ya kwanza. Kabla ya kushika kalamu, ongeeni na mama peke yake, kisha baba peke yake. Nyumbani mnadaiwa? Na nani? Mwenzako anajua? Ulizeni kwa upole, maana mtu mzima huona aibu kutaja deni mbele ya kijana wa umri wenu. Akinyamaza, mpeni muda, mrudi kesho.

Yule mvulana nilimtafuta. Familia ilikuwa imeshahama.