Vita Vimekwisha, Walio Chini Hawakuambiwa



Filamu tuliyoitazama, Underground ya Emir Kusturica, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwezi Mei 1995. Tumecheka sana. Tumecheka nini?

Wajerumani waliipiga Belgrade kwa mabomu Aprili 1941. Marko akawaficha jamaa zake chini ya ardhi, wakamtengenezea silaha. Vita vikesha 1945, hakuwaambia. Akaendelea kuwapigia king'ora cha ndege za adui, na huku juu yeye ni mkubwa wa chama, silaha anauza. Na ukuta ule haukubomolewa na mkombozi, bali na sokwe aliyeingia kifaruni!

Wapo waliosema filamu inawapendelea Waserbia. Mimi nasema hivi: inaonyesha nchi iliyorukwa na akili. Lakini Julai mwaka uleule, Srebrenica, jeshi la Waserbia wa Bosnia liliua Waislamu zaidi ya 8,000, wanaume na wavulana. Ule haukuwa wazimu, ilikuwa amri.

Basi tucheke, lakini kila anayetupigia king'ora tumwulize: ndugu, unauza nini?