Haki ya Kumiliki Silaha Iende na Elimu

(Hotuba niliyoitoa kwa vijana wa chama, Kahama)



Nimepewa dakika chache, kwa hiyo naanza na msimamo. Naunga mkono haki ya raia kumiliki silaha kihalali. Na haki hiyo bila elimu itatuzika wenyewe.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita hatujaanza leo kujilinda. Baada ya Vita vya Kagera silaha zilizagaa, ng'ombe wakaibwa, watu wakauawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wetu wakaunda Sungusungu kwa upinde na mshale. Mwano ukipigwa, kijiji kizima kinatoka. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini tuambiane ukweli: Sungusungu hao hao walipiga na kuadhibu watu bila mahakama. Ulinzi usio na mafunzo huzaa dhuluma.

Sasa tuje kwenye sheria. Ibara ya 14 ya Katiba inatupa haki ya kuishi na ya kulindwa uhai wetu. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inaruhusu kujilinda, wewe na mali yako, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukizidisha ukaua, unashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Niambieni, ni wangapi humu mmewahi kufundishwa hilo?

Halafu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hiyo haikatazi raia kumiliki silaha. Inataka leseni na umahiri. Tatizo ni njia ya kuifikia. Maombi yanapita ngazi nyingi kabla ya kumfikia Msajili. Mfanyabiashara mkubwa wa mjini ataweza. Mnunuzi mdogo wa dhahabu kule Nyarugusu, au mfugaji wa Kishapu, nauli tu inamshinda. Matokeo yake ni gobole: limetengenezwa kienyeji, halina namba, linafichwa uvunguni, na watoto wanajua lilipo. Serikali hutangaza msamaha watu wasalimishe silaha haramu, na hilo ni jema. Lakini msamaha ukiisha, nani anabaki kijijini kufundisha?

Elimu hii si ya raia peke yake. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 wa kuzunguka mgodi wa Mwadui, waliolalamikia vitendo vya walinzi, vikiwemo kupigwa na kupigwa risasi. Mwaka 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi kama mimi, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Dar es Salaam, siku polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa upinzani. Mwenye sare naye afundishwe, na akikosea awajibishwe.

Najua kesho watasema vijana wa upinzani wanataka bunduki. Hapana. Mwenyekiti wa CHADEMA mkoa wa Geita, Alphonce Mawazo, aliuawa Novemba 2015, na jibu letu lilikuwa kudai haki, siyo kulipiza. Silaha haina nafasi kwenye siasa, kwa upande wowote.

Tunadai mambo matatu. Utaratibu wa leseni uandikwe kwa Kiswahili chepesi, na ada na muda wa kujibiwa vibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji. Mafunzo ya usalama yafike kwenye kata na kwenye dagashida: kufungia silaha, kutenga risasi, kumfundisha mtoto asiguse bali amwite mkubwa. Na walinzi wa migodi wapimwe umahiri kama raia mwingine.

Ukirudi nyumbani leo, anza na hilo la mtoto. Halisubiri Bunge.