Kampani ya Morris: Kuinuka Kwake na Kuanguka Kwake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Mwezi ujao mtapiga kura juu ya jambo zito, yaani kama mfuko wetu wa kusaidiana uunganishwe na mfuko wa tawi la jirani. Hatukuja kuwaambia mpige kura namna gani. Tumekuja na habari za kampani moja ya Uingereza iliyoanza katika banda, ikawa kubwa kuliko zote za kazi yake katika nchi ile, kisha ikatoweka hata jina. Asikiaye na apime mwenyewe.

William Morris alizaliwa mwaka 1877, akakulia Oxford. Alitoka shuleni akiwa na miaka 15, akaandikwa kazi kwa mwuza baiskeli. Baada ya miezi michache aliomba aongezwe mshahara, akanyimwa. Twaona baadhi yenu mwacheka, maana ombi hilo mwalijua, na jibu lake pia mwalijua. Lakini yeye hakuandika barua ya pili. Alitwaa pauni 4 alizokuwa nazo, akaanza kutengeneza baiskeli katika banda nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Kutoka baiskeli akaingia katika pikipiki, na mwaka 1913 akatoa motokaa yake ya kwanza, Morris Oxford. Kiwanda chake kilikuwa Cowley, kando ya mji huo.

Ustadi wake ulikuwa katika hesabu kuliko katika chuma. Hakufanya kila kitu mwenyewe: injini alinunua kwa huyu, magurudumu kwa yule, bodi kwa mwingine, yeye akaunganisha. Kwa hiyo gharama ya kila kipande aliijua kabla motokaa haijatoka kiwandani. Tena wenye kumletea vipande aliwalipa baadaye, na wenye kununua motokaa walimlipa mara moja. Basi fedha ya watu ilimfanyia kazi kabla hajaitoa. Mwaka 1921 biashara ilipopooza, motokaa zilijaa uwanjani bila mnunuzi. Watu walitazamia ashikilie bei. Yeye aliishusha, motokaa nyingine kwa kadiri ya pauni 100. Mwaka ule aliuza kama 3,000. Mwaka 1925 zilipita 50,000.

Utajiri ulipomjia akapewa cheo cha ubwana, akaitwa Lord Nuffield. Hakuwa na mtoto, na mali nyingi aliigawa kwa vyuo na hospitali. Mwaka 1938 alitangaza kwamba hospitali yo yote katika Dola ya Kiingereza ikihitaji mashine ya kumpumulia mgonjwa aliyepooza, na iombe, naye ataitoa bure. Mashine hizo zilitengenezwa mle mle Cowley.

Sasa twaja kwenye kuanguka. Mwaka 1948 fundi wake Alec Issigonis alitoa motokaa ndogo, Morris Minor, ambayo wazee wetu waliokuwa makarani miaka ya 1950 waliijua sana. Ilikuwa nyepesi kuendesha, na haikula petroli nyingi. Lakini mwenye kampani hakuipenda. Yasemekana aliifananisha na yai lililopikwa. Nchi ya Ujerumani, iliyokuwa imeanguka vitani, ilikuwa ikiunda Volkswagen. Hiyo ilitimiza milioni moja mwaka 1955. Minor ilikawia mpaka mwisho wa mwaka 1960. Ilipokoma ilikuwa imefika kama milioni 1 na laki 6, lakini mwenzake alipita milioni 21.

Mwaka 1952 Morris iliungana na mshindani wake mkubwa, Austin. Kampani mpya ikaitwa British Motor Corporation. Aliyeshika usukani upesi alikuwa Leonard Lord, mtu aliyekuwa mkuu wa kazi kwa Morris, akagombana naye na kuondoka mwaka 1936, akahamia Austin. Yasimuliwa kwamba aliapa kuibomoa Cowley tofali kwa tofali. Fikirini wenyewe muungano wenye msingi huo.

Kwa karatasi walikuwa wamoja; kwa kazi walikuwa wawili. Wenye maduka ya Austin walitaka motokaa ya jina lao, na wenye maduka ya Morris vivyo hivyo. Basi kitu kimoja kikabandikwa majina mawili, matatu, hata matano, vikagombania mnunuzi mmoja. Mwaka 1959 Issigonis alitoa Mini, motokaa ya ajabu, ndogo kwa nje na pana kwa ndani. Hata hiyo iliuzwa kwa jina la Austin na kwa jina la Morris. Bei yake ilikuwa chini ya pauni 500. Mafundi wa Ford waliinunua moja, wakaifumua kipande kwa kipande, wakapiga hesabu, wakaona kwamba bei ile haitoshi kurudisha gharama. Hivyo mshindani alikuwa na hesabu ambayo mwenye mali hakuitia maanani. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Lord Nuffield alikufa mwaka 1963. Mwaka 1968 kampani iliunganishwa tena, na Leyland, ikawa kubwa zaidi na nzito zaidi. Migomo ilizidi. Mwaka 1971 ikatoka Morris Marina, na chini yake mlikuwamo vyuma vya Minor ya mwaka 1948. Mwaka 1975 Serikali ikaichukua isife. Mwaka 1984 motokaa ya mwisho yenye jina la Morris ikatoka kiwandani. Mabaki ya kampani ile kubwa yalianguka mwaka 2005, na watu kama 6,000 wakapoteza kazi. Huko Cowley kiwanda cha zamani kilibomolewa. Kando yake, tangu mwaka 2001, hutengenezwa MINI mpya, lakini mwenye mali ni BMW ya Ujerumani.

Wenzetu, tusiwacheke. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na duka la shirika. Wanunuzi walijaa mlangoni, nasi tukafurahi. Mwisho wa mwaka kasha lilikuwa tupu, kwa sababu hakuna aliyetia katika bei ya sukari nauli ya kuileta. Sisi makarani, ambao kazi yetu ni daftari!

Kwa hiyo hatusemi muungano ni mbaya. Twasema kabla ya kura mwulize maswali matatu. Je, daftari litakuwa moja au mawili? Mweka hazina atakuwa mmoja au wawili? Na kila tawi limekwisha onyesha deni lake, au limeonyesha akiba tu? Majibu yakiwa wazi, na tuungane kwa moyo mweupe. Yasipokuwa wazi, tutakuwa tumebandika jina jipya juu ya matundu ya zamani, na atakayelipa ni mjane ajaye kudai haki yake akikuta kasha halina kitu.

Tumekoma hapo.