Vali Mpya ya Moyo: Damu Ipimwe Griftu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wahudumu wa afya, Griftu, Wajir Magharibi

Moyo una vali nne, na kazi ya kila moja ni kuruhusu damu ipite upande mmoja tu bila kurudi. Hilo kila aliyeketi ukumbini analijua. Analijua pia chimbuko la uharibifu mwingi wa vali katika nchi zetu, yaani homa ya rumatiki. Mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo kwa bakteria wa streptokoka, asipate penisilini, kisha kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria hao ikageukia viungo na moyo wake. Vali ya mitrali ndiyo huumia zaidi. Miaka hupita, na kijana aliyekuwa akiteka maji kisimani siku nzima hawezi tena kutembea kutoka nyumbani hadi msikitini bila kuhema. Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu. Sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne ingali njia bora ya kuzuia homa hiyo isirudi.

Semina nyingine zimeshazungumzia kinga. Mada hii inamhusu mgonjwa ambaye kinga imemkosa na daktari wake amesema vali haitengenezeki, lazima ibadilishwe.

Uchaguzi ni wa aina mbili. Vali ya kwanza kufanikiwa katika nafasi ya mitrali ilitiwa mwaka 1960 huko Oregon, Marekani, na daktari Albert Starr akishirikiana na mhandisi Lowell Edwards. Ilikuwa tufe dogo ndani ya kizimba. Zile za leo, ambazo wengi huziita vali za chuma, huwa na vibamba viwili vya kaboni ngumu na zinaweza kudumu maisha yote ya mgonjwa. Gharama yake ni kwamba damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mwenye vali hiyo hunywa wafarini kila siku hadi mwisho wa uhai wake. Aina ya pili hutengenezwa kwa tishu ya mnyama: vali ya nguruwe, au utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Hii kwa kawaida haihitaji wafarini ya maisha, ila huchakaa. Kwa mzee inaweza kufikisha miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Kwa kijana huchakaa haraka zaidi, na upasuaji wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza.

Griftu ni mji wa Waislamu, na neno nguruwe likitajwa siku ya upasuaji linaweza kuvuruga familia nzima. Wanazuoni wengi wameruhusu tishu hiyo pale penye dharura ya kuokoa uhai, na mara nyingi vali ya ng'ombe hupatikana badala yake. Hata heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, kwa sehemu kubwa hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Mambo haya yazungumzwe mapema, mgonjwa akiwa na wazazi wake na imamu wake, asije akayasikia wakati kitanda kinasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

Msichana anahitaji mazungumzo marefu zaidi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika wiki za mwanzo, na hatari hukua dozi inapozidi miligramu 5 kwa siku. Kuiacha bila mbadala kunaihatarisha vali na mama mwenyewe. Kubadilishia heparini kunadai vipimo vya karibu na mkono unaojua kudunga. Kwa sababu hiyo madaktari wengi humshauri anayetaka kuzaa achukue vali ya tishu, akijua kwamba atapasuliwa tena siku za mbele. Mama mkwe na mume nao waelezwe, maana mara nyingi ni wao watakaouliza mbona mimba inachelewa.

Yote hayo yanaweza kufundishwa kwa siku moja. Lililobaki ndilo limeshindikana mwaka baada ya mwaka, nalo ni kipimo cha INR.

INR hueleza damu inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mwenye vali ya chuma ya aota kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye ya mitrali, kati ya 2.5 na 3.5. Akishuka, donge la damu linaweza kukwamisha vali au kupanda ubongoni na kumpooza. Akipanda mno, atavuja damu tumboni au kichwani. Nafasi ya usalama ni nyembamba, na wafarini husukumwa na vitu vingi: dawa ya kuhara kama metronidazo, septrini na flukonazo huipandisha, rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya. Mfugaji aliyezoea maziwa ya ngamia, chai, wali na nyama akihamia kwa jamaa zake mjini na kuanza kula sukuma wiki kila jioni, kipimo chake hubadilika bila kosa lake. Ndiyo maana mwanzoni damu hupimwa kila siku chache, kisha kila wiki, na ikishatulia, walau kila mwezi.

Kila mwezi, wapi? Kutoka Griftu hadi mji wa Wajir ni kilomita 60 hivi. Kutoka Wajir hadi Nairobi, kupitia Habaswein, Modogashe na Garissa, ni zaidi ya 600. Mgonjwa aliyepasuliwa Nairobi hupewa tarehe ya kurudi kliniki ya Nairobi, na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya anayemsindikiza, huzidi kwa mbali bei ya kipimo chenyewe. Mvua ikinyesha, barabara hukatika. Ukame ukija, familia huhama na mifugo. Kisha faili huandikwa kwamba mgonjwa hakufuata masharti. Mada hii inapinga sentensi hiyo. Masharti yaliyo umbali wa safari ya siku nzima hayafuatiki, na aliyeyaweka anapaswa kulijua hilo kabla ya kushika kisu.

Tatizo si la Wajir peke yake. Uchunguzi wa REMEDY uliwasajili kati ya 2010 na 2012 wagonjwa 3,343 wenye vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, katika nchi 14, Kenya ikiwemo. Kati ya waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda, takriban asilimia 28 tu ndio waliokutwa na INR inayotakiwa.

Wengine huuliza mbona wasipewe dawa mpya zisizohitaji kipimo. Jibu lipo. Jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za chuma lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yaliyochapishwa 2013 yalionyesha viharusi na kuvuja damu zaidi kuliko kwa wafarini. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS lilionyesha kwamba hata kwa wenye ugonjwa wa rumatiki na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, dawa za jamii ya wafarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Mwenye vali ya chuma abaki kwenye wafarini, na kipimo kimfuate alipo.

Kinaweza kumfuata. Kipo kifaa cha mkononi kinachotoa INR kwa tone la damu ya kidole, mfano wake CoaguChek, na hakitofautiani sana kimatumizi na kile cha sukari kilichomo katika mikoba waliyogawiwa wahudumu wa afya ya jamii nchini Septemba 2023. Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, kliniki ya wafarini iliyoendeshwa na wafamasia ilithibitisha kwamba wagonjwa wa Kenya wanaweza kutulia ndani ya kipimo wakipata mtu wa kuwafuatilia. Na Wajir yenyewe ilishaufundisha ulimwengu somo hili. Mwaka 1976 Mwitaliano Annalena Tonelli alianzisha hapa manyatta ya kifua kikuu, wafugaji wakapiga kambi karibu na matibabu, wakanywa dawa mbele ya mhudumu hadi kozi ikaisha. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba anayehamahama hatibiki. Mpango ule uliwajibu, na mbinu hiyo ya dawa kunywewa mbele ya mhudumu baadaye ikawa msingi wa tiba ya kifua kikuu duniani.

Mapendekezo ni haya.

La kwanza na la mwisho, INR ipimwe Griftu. Kabla ya vali kuchaguliwa, hospitali inayopasua iulize kwa maandishi damu ya mgonjwa itapimwa wapi. Jibu likikosekana, vali ya chuma ifikiriwe upya. Barua ya kumruhusu mgonjwa itaje aina ya vali, INR anayotakiwa kuwa nayo, dozi ya sasa, na simu ya kliniki. Kaunti iwe na daftari moja la wagonjwa wote wa vali, likiwa na jina la kisima au kituo wanakohamia wakati wa ukame. Mfamasia mmoja afunzwe kurekebisha dozi, akiwa na daktari wa kumpigia simu. Anayeandika metronidazo, septrini au rifampisini aulize kwanza kama mgonjwa anatumia wafarini, na kama anatumia, INR irudiwe ndani ya siku chache. Irudiwe Griftu.

Wanaoumika chuku na wanaotibu kwa kuchoma waitwe katika semina ijayo, waelezwe kwa heshima kwamba kumpasua ngozi mwenye wafarini kunaweza kumwaga damu isiyokoma. Wakati wa Ramadhani dozi inywewe baada ya kufuturu, bila kurukwa. Anayeng'olewa jino apewe kinga ya antibiotiki kabla, maana bakteria wa mdomoni hukaa kwenye vali bandia. Sindano za penisilini ziendelee, kwani vali mpya hailindi zile zilizobaki. Msichana apewe njia ya uzazi wa mpango anayoiafiki, na ushauri kabla ya kushika mimba. Na imamu aitwe mapema, kama ilivyokwisha kusemwa.

Vibanzi vya kifaa hicho cha kidole huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 30, na mchana wa Griftu huipita 30 mara kwa mara. Kwa hiyo ombi la kifaa liambatane na friji ya maabara inayotumia nishati ya jua, na fedha za vibanzi ziwe na mstari wake katika bajeti ya kila mwaka, zisitegemee msaada wa mara moja.