Milimita Tatu za Pembeni: Vipimo Sahihi katika Picha Kubwa Zisizo na Ukingo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wapigapicha na mafundi wa fremu, Werugha, Kaunti ya Taita Taveta



Lalamiko linalosikika sana huku milimani ni hili. Mteja ameagiza picha ya A2 isiyo na ukingo mweupe. Faili limetayarishwa kwa kipimo cha A2 barabara, milimita 420 kwa 594, likateremshwa Voi kwenye flashi. Kazi inaporudi, karatasi ni A2 kweli, lakini picha iliyo juu yake imejaa kupita kiasi: kofia ya mzee imegusa ukingo wa juu, na tarehe za marehemu zilizoandikwa chini zimenusurika kukatwa. Mwenye printa anaapa hajagusa kitu, na ni kweli hajagusa. Iliyogusa ni programu ya printa.

Hakuna printa inayoingiza karatasi ikiwa imenyooka kabisa kila mara. Ikiingia imepinda nusu milimita tu, picha iliyo sawasawa na karatasi itaacha mstari mweupe upande mmoja, na mteja atauona huo mstari kabla hajaiona picha. Kwa hiyo watengenezaji waliamua wino upite nje ya karatasi na kuangukia kwenye sponji iliyo chini ya njia yake, kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa cha pindo. Ili wino upite nje, picha lazima iwe kubwa kuliko karatasi. Usipoikuza wewe, programu itakukuzia bila kukuuliza.

Tuchukue milimita 3 kila upande, kiasi cha kawaida kwenye printa kubwa. Upana wa 420 unakuwa 426, yaani ongezeko la asilimia 1.43. Programu haikubali kuipinda sura ya mtu, kwa hiyo urefu nao unakuzwa kwa asilimia hiyo hiyo: 594 inakuwa 602.5. Pembeni unapoteza milimita 3, lakini juu na chini unapoteza zaidi ya 4. Na kitu chochote kilichokuwa na milimita 300 ndani ya picha sasa kina 304.

Kwa picha ya harusi, nani atapima? Hasara inaonekana kazi inapokuwa ya vipande. Piga picha ya mlima Vuria kutoka mbali, mita zake 2,208 na milingoti ya mawasiliano kileleni, ugawe mandhari hiyo katika A2 tatu zilizosimama, uzitundike ukutani zikigusana. Kila kipande kimekuzwa na kukatwa kivyake. Kwenye kila kiungo zimetoweka takribani milimita 6 za mandhari, tatu za kipande hiki na tatu za jirani yake, na mgongo wa mlima unaoteremka unafika kwenye kiungo na kuruka ngazi. Hapo hakuna fundi wa fremu atakayekuokoa. Akisogeza kipande juu ili mgongo ukutane, mashamba ya bondeni yanaachana.

Ramani nazo zina ajabu yake, na Wundanyi, penye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki, ramani za milima hii si haba. Ramani ya msitu wa Ngangao iliyoandikwa 1:50,000, ikichapishwa A2 kwa mtindo huu, inakuwa karibu 1:49,300. Nambari iliyoandikwa inabaki ile ile na sasa ni ya uongo. Mstari wa kilomita uliochorwa chini umenyooshwa pamoja na ramani, kwa hiyo huo bado unasema kweli. Anayechapisha ramani asikubali faili lisilo na mstari huo.

Tiba ya kwanza iko kwenye programu yenyewe. Printa kubwa za Epson na za Canon hukupa kuchagua kati ya kukuziwa picha na kubakishiwa ukubwa ulioweka. Chagua la pili, kisha faili lako lifanye milimita 426 kwa 600, huku kila kitu cha maana kikikaa ndani ya 420 kwa 594. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 4000 kwa 6000. Kwenye upana wa 426 hizo ni kama 238 kwa inchi, zinatosha. Ila kumbukeni picha ya kamera ina uwiano wa 2 kwa 3 na A2 haina: kwa upana wa 420 picha nzima ingetaka urefu wa 630. Milimita 36 zitakatwa tu. Amueni wenyewe zikatwe wapi, miguuni au kichwani.

Tiba ya pili ndiyo ninayoitetea: kipimo kikiwa na uzito, achaneni na uchapishaji wa bila ukingo. Roli ya inchi 24 ina upana wa milimita 610. Lazeni A2 kwa ubavu, picha ikiwa na 600, na pembeni zinabaki milimita 5 nyeupe kila upande. Kisha wekeni rula ya chuma na kisu kikali, mkate kwenye 594. A1 nayo, 594 kwa 841, inatoka kwenye roli hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo. Sponji haijai wino, na mgongo wa picha hauchafuki.

Hata hivyo urefu unaweza kuwadanganya. Upana unasimamiwa na kichwa cha printa, lakini urefu unategemea rola inavyovuta karatasi, na karatasi nzito haivutwi kama nyepesi. Chapisheni mstari wa milimita 500 kuelekea karatasi inakoenda, kisha mpime. Ukitoka 498, kuna upungufu wa asilimia 0.4, na printa nyingi kubwa zina mahali pa kuurekebisha kwa kila aina ya karatasi.

Mwisho ni hewa. Voi ni kukavu. Hapa ukungu unaingia mpaka dirishani. Karatasi ya pamba iliyokatwa kule hunywa unyevu ikifika huku na kutanuka, hasa upande wa upana wa roli. Karatasi iliyopakwa plastiki hutanuka kidogo sana. Kwa hiyo picha za pamba ziachwe chumbani usiku mmoja kabla ya kupimiwa fremu, na fundi aziachie milimita 2 za nafasi kila upande, la sivyo zitavimba nyuma ya kioo mvua za Machi zikianza.